Matanga ya Gavana

Gavana nilimjua kwanza kwa uzi wa njano. Timu ya michezo aliyokuwamo mdogo wangu shuleni ilikuwa na jina la gavana huyo, na jina hilo lilibandikwa kifuani mwa fulana kwa herufi za kitambaa. Herufi zilikuwa za bei rahisi. Zikifuliwa zinabanduka, nami nazirudishia kwa cherehani. Kwa hiyo nilikuwa nimelishona jina la mtu yule mara nyingi kabla sijauliza alikuwa nani. Nilidhani ni jina la kiwanda.

Hapo ni Bellevue, Johannesburg, mwaka 2015. Tulikaa katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, na chumba chetu kilikuwa cha mbele, kwa hiyo baraza ilikuwa yangu mchana kutwa. Cherehani ilikaa hapo, ikitazama barabara. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kitanzania. Mumewe, mtu wa hapa Afrika Kusini, alimuoa Morogoro wakati wa ukimbizi wao wa siasa, akaja naye nchi ilipopata uhuru, kisha akafa akamwachia nyumba. Mama yule alikuwa na kiti chake pembeni ya cherehani, akichambua mchele au mboga na kutoa maoni juu ya kila kitu kilichopita.

Mimi ni mkubwa wa watatu. Wazazi wetu walikufa kwetu Uvira, Kongo, mwaka mmoja, baba kwanza, mama baadaye. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha shule nikaingia kwa fundi cherehani, na miaka kadhaa baadaye nikawaleta wadogo zangu huku kusini. Dada yetu wa katikati alikuwa ameshaolewa Pretoria. Nyumbani tulibaki mimi na kijana wa mwisho, ambaye wakati ninaouandika alikuwa na miaka kumi na saba. Aliniita yaya, kama tunavyomwita mkubwa kwetu, awe mwanamume au mwanamke. Mama mwenye nyumba hakuzoea kamwe. Kwao yaya ni mtumishi wa kulea watoto.

"Yaya!" alikuwa akimwigiza. "Lete na chupa ya maziwa, yaya!"

Nilikuwa na kazi ya pili, isiyo ya duka. Mtu wetu akifariki katika mji huu, familia hukaa matanga, na huchagua kitambaa kimoja wavae wote siku ya maziko. Kitambaa kililetwa kwangu. Sasa mtu anapopimwa mabega husimama bila la kufanya, na mfiwa asiye na la kufanya huzungumza. Niliyajua maisha ya marehemu kabla sijamaliza kukata mikono ya nguo. Baadaye kanisa likaniomba niwe ninaandika wasifu wa marehemu, na baadaye tena niusome mwenyewe.

Wasifu una utaratibu wake. Alizaliwa wapi, wa ngapi kwa wazazi wake. Alisoma wapi, alifanya kazi gani. Alioa, au aliolewa, aliacha watoto wangapi. Aliumwa nini, nani alimuuguza, nani alimfumba macho. Kisha shukrani. Kisha, mwisho kabisa, msomaji husema: kama kuna mwenye neno na marehemu, aliseme sasa, tusimzike nalo. Mara nyingi hakuna anayesimama. Akisimama mtu, anasema analolisema, na mkubwa wa familia humjibu kwa neno moja tu: tumesikia. Habishi, hafafanui. Akishasema hivyo, neno limetoka kwa marehemu na limeingia kwa familia, na maziko yanaendelea.

Kwenye maziko ya baba alisimama jirani, akasema habari ya mpaka wa shamba. Watu wakanigeukia. Nikasema tumesikia. Kesho yake sikwenda shule, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mwaka ule wa 2015 vijana wa vyuo vikuu walikuwa wakidai sanamu za wakoloni ziondolewe, na moto wake ulifika mpaka shuleni kwa mdogo wangu. Wanafunzi walitaka timu zao zibadilishwe majina, kwa maana kila timu ilikuwa na jina la mkubwa fulani wa zamani. Mwalimu wa historia, dada mmoja kijana, akasema sawa, lakini kabla hamjamfukuza mtu mjue ni nani. Kila timu itoe msomaji mmoja, asimulie maisha ya mtu wao, Jumamosi, ukumbini, wazazi wakiwepo.

Mdogo wangu alirudi na habari hiyo akaitupa pamoja na begi.

"Wamenipa mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Hakuna aliyemtaka. Wakasema, mpeni kwerekwere." Hilo ndilo neno wanalotuita wageni hapa, na si neno la heshima. "Wanasema gavana naye alikuwa kwerekwere."

Mama mwenye nyumba aliweka chini ungo wa mchele ili acheke vizuri.

"Hapo wamesema kweli tupu! Alikuja bila kuitwa, kiluga chenyewe hakijui, na akakataa kuondoka!"

Mdogo wangu hakucheka. Mwezi wa nne, maduka ya wageni yalipovunjwa mjini, wenzake darasani walimuuliza atarudi kwao lini. Walikuwa wakitania, alisema. Lakini tangu hapo alikuwa hafungui mdomo darasani. Mwalimu alishamwambia kwamba somo la historia lina alama za kuzungumza, na asiyezungumza atarudia mwaka.

"Nikirudia darasa, siendi tena, yaya," alisema. "Bora niseme mapema."

Alikuwa na mahali pa kwenda. Kijana mmoja wa kwetu anayekaa Hillbrow alikuwa mlinzi wa magari huko Marshalltown, kwenye barabara za maofisi, na alishamwahidi nafasi na koti la kazi. Nilimfahamu kijana yule. Alikuwa mtu mwema. Aliingia kazi hiyo kwa mwezi mmoja tu, mpaka mambo yakae sawa, na mwezi huo ulikuwa bado haujaisha miaka mingi baadaye.

Ningeweza kumkatalia. Niliona kwamba nikimkatalia ataondoka tu, polepole zaidi. Nikamwambia: "Soma maisha ya gavana. Ukifaulu, unabaki shule mpaka mwisho. Ukishindwa, nenda Marshalltown, na mimi sitasema kitu. Nimekupa neno."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

Alinitazama. Alijua kwamba nikishatoa neno silirudishi.

Alikwenda maktaba ya mjini akaja na kitabu kinene cha Kiingereza. Kwa siku kadhaa alikaa nacho barazani, karatasi nyeupe mbele yake. Mimi nilikuwa nashona sare za kwaya.

"Sijui mtu anaanzaje," alisema.

"Anaanza kwa kuzaliwa," nikamjibu. "Alizaliwa wapi? Wa ngapi?"

Nilikuwa sijui njia nyingine ya kueleza maisha ya mtu, na sikufikiri kama ipo. Nikawa nauliza kama ninavyowauliza wafiwa, yeye akitafuta kitabuni, kisha anaandika kwa Kiswahili, atafsiri baadaye.

Gavana alizaliwa katika mji mdogo wa pwani huko Uingereza, mtoto wa tatu wa kasisi, wa kwanza wa kiume. Baba alikufa yeye angali mdogo. Alipofika miaka kumi na tatu mama yake alimpeleka bandarini akamwacha kwenye manowari, ajifunze unahodha.

"Kumi na tatu, yaya. Kwenye meli ya vita."

"Na nyumbani alibaki nani?"

"Kitabu hakisemi."

"Tafuta kingine."

Alirudi maktaba. Safari ile alipata kwamba kijana yule alikuwa akiwaandikia dada zake barua kutoka melini, na pembeni mwa barua anawachorea samaki wa kila bahari aliyopita. Nikamwambia aandike samaki. Alishangaa, lakini akaandika.

Akapanda vyeo. Kwenye pwani ya Afrika Magharibi alikimbiza merikebu zilizobeba watumwa, akazikamata, akawafungua watu. Mdogo wangu alifurahi sana hapo. "Kumbe alikuwa mtu mzuri!" Mama mwenye nyumba akasema subiri, mwanangu, bado hajateremka nchi kavu. Sikio lake la kushoto liliharibika kwa mlio wa mizinga. Kisha mnyororo wa nanga ukamvunja mguu, hakuweza tena kazi ya melini, na serikali yake ikampa kisiwa akitawale.

Mdogo wangu aliinua kichwa. "Yaani meli hakuziweza tena, wakampa watu?"

"Kitabu kinasemaje?"

"Ndivyo kinavyosema."

"Basi andika."

Kisiwani mkewe alikufa kwa homa, na mtoto mchanga naye, wakazikwa hukohuko. Aliyebaki akahamishiwa koloni kubwa zaidi, huku kusini mwa Afrika. Aliitawala kama manowari. Kengele ililia kwenye nyumba yake kila nusu saa, kama melini, na makarani walipanga mstari asubuhi akiwakagua viatu. Aliweka kodi ya vibanda, na asiyekuwa na cha kulipa alikwenda migodini. Alijenga reli. Aliweka jiwe la kwanza la shule anayosoma mdogo wangu. Yote hayo kitabu kiliyaeleza kwa urefu. Halafu kulikuwa na mstari mmoja, kwamba kabla ya reli kupita, bonde fulani lilisafishwa.

"Lilisafishwa nini?" akauliza. "Takataka?"

"Soma mbele."

"Mbele kuna sherehe ya kufungua reli. Kulikuwa na bendi."

"Rudi nyuma."

"Nyuma kuna ramani. Imeandikwa vijiji."

Nilisimamisha cherehani. "Kwenye wasifu hatusemi kusafisha. Sema watu waliondolewa."

"Watu gani? Wangapi?"

"Hatujui. Sema hatujui."

Mwisho wake ulitusumbua zaidi. Kitabu kiliifahamu kila meli aliyoipanda na kila nishani aliyovishwa, lakini nilipouliza nani alimuuguza, hakuna kitu. Kijana akaenda maktaba tena. Akakuta kwamba gavana alizeeka kwenye nyumba ya kupanga karibu na bahari, kiziwi kabisa, na kwamba ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mwanamke mmoja aliyetoka naye kule kisiwani na kumpikia miaka yote.

"Jina lake?"

"Hawakuliandika."

"Andika mama mmoja wa kisiwani. Na kwenye shukrani umtaje yeye kwanza."

Tulimaliza Jumapili moja baada ya ibada. Maneno ya mwisho nilimsomea huku nikiwa na pini mdomoni, bila kufikiri, kama ninavyoyasema kila mara. Naye aliyaandika bila kufikiri. Alikulia kwenye matanga ya watu wetu, na kwake wasifu usiokuwa na maneno yale ulikuwa haujaisha.

Jumamosi yenyewe nilivaa suti yangu ya kanisani. Kabla hatujatoka nilikata kipande cha kitambaa cheusi nikambandika mdogo wangu kifuani kwa pini. Msomaji wa wasifu hukivaa. Mama mwenye nyumba alitutazama tunashuka ngazi.

"Poleni na msiba," akasema.

Ukumbini wasomaji wengine walikuwa na picha za kuonyesha ukutani kwa mashine, na muziki. Mmoja alikuja na kofia ya manyoya. Walipigiwa makofi. Kila mtu alipozungumziwa, picha yake iliteremshwa kutoka ukutani ikawekwa mbele, juu ya kiti. Picha ya gavana ilikuwa kubwa, ya rangi, amevaa koti la buluu la majini ingawa wakati huo alikuwa ameshaacha meli, na amegeuza uso ili sikio zima ndilo lionekane. Kwetu pia picha ya marehemu huwekwa mbele juu ya kiti. Nadhani hicho ndicho kilichotupoteza kabisa, mimi na mdogo wangu.

Alisimama kando ya kiti na karatasi yake. Kijana mmoja nyuma aliuliza kwa sauti nani kafa. Wakacheka. Akaanza kusoma kwa Kiingereza, sauti ikiwa chini, na kwa jinsi alivyosoma mimi niliweza kusikia Kiswahili chake chini ya kila sentensi. Alizaliwa. Alikuwa mtoto wa tatu. Alipofika kwenye samaki kicheko kilikwisha. Kwenye bonde alisema kama tulivyokubaliana: watu waliondolewa, hatujui ni wangapi, hatujui ni akina nani. Alimshukuru mama wa kisiwani. Kisha akageuza karatasi na kusema, mbele ya wanafunzi na wazazi na walimu wote, kwamba kama kuna mwenye neno na marehemu, aliseme sasa, tusimzike nalo.

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake ya alama.

Watu walitulia wakidhani kuna kingine kinakuja. Hapakuwa na kingine. Halafu kwenye safu za mbele akasimama gogo mmoja, kama wanavyowaita bibi hapa, blanketi begani, akishika mgongo wa kiti cha mbele yake. Alikuwa bibi wa msichana mmoja wa timu ya mdogo wangu. Hakumtazama mdogo wangu. Alizungumza na picha, kwa Kizulu, lugha ambayo kazi yangu imenilazimisha kuielewa.

"Wewe," alisema. "Lile bonde lilikuwa na wenyewe." Akataja koo tatu, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayeita watu waje kula. "Babu yangu alizaliwa pale, karibu na mto. Alikufa akiwa mzee anaoga maji ya tangi. Sikuja kukutukana. Nimekuja kumsindikiza mjukuu wangu. Lakini mmeuliza."

Akakaa.

Mjukuu wake aliyatafsiri kwa Kiingereza. Kabla mwalimu hajasema kitu, golikipa wa timu yao akasimama.

"Mimi pia nina neno naye. Nachezea jina lako mwaka wa tatu huu, mzee, na hatujashinda hata mechi moja. Eish."

Ukumbi ulicheka, na mwalimu naye alicheka, akafunika mdomo. Kisha akasimama mzee wa Kizungu mwenye tai ya shule, aliyesoma hapo zamani. Alisema ni haki isemwe pia kwamba gavana yule ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini, na watu wanayanywa mpaka leo.

"Yalitoka wapi?" akauliza gogo, bila kusimama.

Mjukuu akatafsiri. Mzee alifikiri.

"Sijui," alisema. "Sikuwahi kuuliza." Naye akakaa.

 Wengine walidhani mambo yamekwisha na wakaanza kutafuta mikoba yao. Lakini mdogo wangu hakutoka mbele. Alisimama pale na karatasi mkononi, akinitazama mimi, na mimi nilijua anangoja nini. Neno limetolewa na halijajibiwa. Marehemu alikuwa hana mtu. Mdogo wangu hakuweza kujibu, kwa kuwa si kazi ya mdogo.

Nikasimama. Nilifunga kifungo cha koti.

"Tumesikia," nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya maziko. Nikakaa.

Vichwa vyote viligeuka. Mtu akauliza nimesema nini. Mdogo wangu akaeleza kwa Kiingereza kwamba nimesema tumesikia.

"Akina nani mmesikia?" akauliza mwingine.

Mdogo wangu akakunja karatasi yake. "Familia," akasema.

Hapo ukumbi ulivunjika kwa kicheko, na siwalaumu. Wakongomani wawili, mmoja na suti ya kanisani, ndio ndugu wa gavana wa Kiingereza.  Lakini gogo hakucheka. Alinitazama kutoka kule mbele, akaitika kwa kichwa mara moja, kisha akafunga blanketi lake vizuri. Golikipa akasema, "Sharp," yaani sawa kwa lugha ya vijana wa hapa, na mdogo wangu akatoka.

Mwalimu alituita baadaye, watu walipokuwa wakinywa chai. Hakuwa na hasira. Alituonyesha karatasi yake yenye vyumba vya alama.

"Hapa nilitakiwa kuona vyanzo vyako, hoja yako, na hitimisho," alimwambia. "Umenipa samaki, na umewaachia watu wengine hitimisho. Kwa karatasi hii hujafaulu."

Alimwambia pia kwamba akitaka anaweza kumfuata yule bibi, ayaandike aliyoyasema na aliyoyabakiza, alitafute lile bonde, alete kazi iliyoandikwa kabla muhula haujaisha. Ataisahihisha upya. Lakini kwa siku hiyo, hapana.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye roboti, kama wanavyoziita hapa taa za kuongozea magari, tulisimama.

"Nimeshindwa, yaya."

"Ndiyo."

"Ulinipa."

"Nilikupa."

Taa zikawa za kijani tukavuka.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani. Huko Bellevue habari hazipandi gari. "Karibuni wafiwa!" alipiga kelele tukiwa bado getini. "Na wewe fundi, mkubwa wa ukoo! Urithi mmeshagawana? Mimi naomba kofia yake tu, nikaangulie kuku!"

Aliposikia yaliyobaki, ucheshi ulimtoka. Alingoja kijana aingie ndani, akanisogelea.

"Mwambie Jumatatu anakwenda shule. Basi. Wewe ndiye baba yake."

"Nilimpa neno."

"Neno! Mtoto anakwenda kusimama juani kupungia magari, wewe umeshika neno!"

"Akijua kwamba hili nalirudisha, atajua na mengine yote narudisha."

Alifyonza. Hatukusalimiana vizuri mpaka kesho yake.

Jumapili alasiri yule kijana wa Hillbrow akaleta koti la kazi, la rangi ya machungwa, lenye mistari inayong'aa. Mdogo wangu alilivaa. Mabega yalimzidi, mikono ikamfunika vidole.

"Unaweza kulipunguza, yaya?"

Nilimpima. Nilifumua mabega, nikakata, nikayarudishia, nikapandisha mikono. Kitambaa cha plastiki ni kibaya kushona, sindano huteleza. Nilikishona vizuri kama ninavyoshona kila kitu, na mama mwenye nyumba alikaa kwenye kiti chake pembeni akinitazama bila kusema hata neno moja, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baadaye. Nilipomaliza nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumatatu asubuhi sikumwamsha. Nilitoka barazani nikafungua cherehani, nikatia mafuta, nikapanga vipande vya sare za kwaya. Watoto wa jirani walipita na mabegi yao. Nilimsikia akioga. Kisha mlango ukafunguliwa, nami nikaendelea kutia uzi kwenye sindano, kwa kuwa sikutaka macho yangu yamwambie kitu.

"Yaya. Jumamosi una kazi?"

"Nina sare za kwaya."

"Yule msichana alinipigia jana. Bibi yake amekubali kuzungumza. Lakini anasema hazungumzi na mtoto peke yake. Anasema aje na yule aliyesema amesikia."

Nikainua kichwa. Alikuwa na sweta ya shule na begi begani.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kwaya itangoja," nikasema.

Akashuka ngazi. Koti lilibaki kwenye msumari. Yule kijana wa Hillbrow alilifuata wiki hiyo, akalivaa palepale, na hakuweza kuinua mikono. Nililifumua tena, akiwa amesimama ananingoja, na mama mwenye nyumba akimuuliza kama anayalinda magari au anayakumbatia.

Timu ilibadilishwa jina mwaka uliofuata. Herufi za njano nilizibandua mwenyewe kwenye fulana, uzi kwa uzi, na kitambaa chini yake kilikuwa hakijapauka, kwa hiyo jina liliendelea kusomeka kwa muda.

Lakini Jumamosi ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulifika kwa gogo, nyumba ndogo yenye uwanja uliofagiliwa. Alikuwa ameshaweka nje viti vitatu, vyetu viwili pamoja, na chake kikitazamana navyo, kama inavyopangwa mtu anapotembelewa na familia kwa jambo rasmi. Hakutabasamu. Alingoja tukae, akanitazama mimi, kisha mdogo wangu.

"Ninyi ndio watu wa gavana?"

Nilitaka kueleza. Mdogo wangu, ambaye mwaka mzima alikuwa hafungui mdomo mbele ya watu, aliwahi.

"Ndiyo, gogo," alisema kwa Kizulu. "Tumekuja kusikia lililobaki."